Mtihani Uliokuja Kusamehewa

Juma hili nazungumzia mtihani mmoja wa jimbo la Florida, Marekani, uliojulikana kwa kifupi kama CLAST. Ulianza mwaka 1982, ukiwa na sehemu 4: insha, lugha ya Kiingereza, kusoma na hisabati. Nia ilikuwa njema: mwanafunzi wa chuo cha umma asiingie mwaka wa 3 kabla ya kuthibitisha kuwa anajua kusoma, kuandika na kuhesabu.

Lakini mtu aliweza kufaulu masomo ya darasani kwa miaka 2, kisha akakwama kwa sehemu moja tu. Katika miaka ya 1990 ukaja msamaha: mwenye wastani wa 2.5 kati ya 4 katika masomo yaliyotajwa ya Kiingereza na hisabati, au alama za kutosha katika mitihani ya SAT au ACT, hakulazimika kuufanya. Mwaka 2009 mtihani wenyewe ukafutwa.

Mimi nasema msamaha ule haukuwa upendeleo. Ulikuwa ni kukiri kwamba mwalimu aliyemsahihisha mwanafunzi miezi mingi anamjua kuliko karatasi ya siku moja. Je, waliokwama kabla ya msamaha huo, nani aliwaomba radhi?