Karani na Tanzu Zake: Ajira ya Serikali katika Uandishi wa Shaaban Robert

Wahakiki wa Shaaban Robert (1909–1962) wamezoea kuitaja kazi yake ya serikali katika aya ya kwanza, kisha wakaiacha papo hapo. Alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944. Baada ya uhamisho wa muda mfupi bara alirejea Tanga, akatumikia ofisi ya wilaya na, kuanzia 1952, ofisi ya upimaji ardhi. Makala haya yanashikilia kwamba ajira hiyo ni mojawapo ya chemchemi za tanzu zake.

Wingi wa tanzu hizo unafahamika: mashairi, tenzi, insha, hekaya, tawasifu, wasifu wa Siti binti Saad, hata tafsiri ya Omar Khayyam (1952). Aghalabu huelezwa kwa kipaji, jambo ambalo ni kweli lakini halitufikishi mbali. Karani wa kikoloni aliishi kwa maandishi ya namna nyingi: barua, maombi, taarifa, orodha. Kila waraka ulikuwa na umbo lake, mwandikiwa wake na adabu yake. Utenzi aliomtungia binti yake aliuita "Hati". Wosia wa mzazi kwa binti una historia ndefu katika upwa wetu, kama ajuavyo kila msomaji wa Mwana Kupona, na neno lenyewe ni kongwe kuliko ofisi ya Mwingereza. Hata hivyo, mtu aliyeshinda kutwa akishika hati hakulichagua jina hilo bila kuisikia sauti ya ofisini ndani yake.

Ushahidi mzito zaidi umo katika Kusadikika (1951). Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria, naye anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita. Kila mjumbe anatumwa ng'ambo, anataabika, anarudi na habari za kuifaa nchi, anafungwa. Wengi wameisoma hekaya hii kama fumbo la ukoloni, nao wamesoma sawasawa. Lakini fumbo lenyewe limejengwa kwa taarifa: maarifa yaliyokusanywa kwa mashaka, yakawasilishwa kwa wakubwa, yakazikwa pamoja na aliyeyaleta. Mtumishi Mwafrika wa ngazi ya chini, aliyewekewa mpaka wa cheo kwa rangi yake, alikuwa na sababu ya kuujua mwendo huo. Karama anapoachiliwa na wajumbe kufunguliwa, kinachoshinda ni taarifa kusikilizwa hatimaye.

Wapo waliomlaumu kwa kuficha siasa yake katika nchi za kubuni. Lawama hii inasahau mwajiri wake alikuwa nani. Mwaka 1953 serikali ya Tanganyika iliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Nchi inayoelea angani haikuhusika na waraka wowote. (Si woga wote ulio woga.) Gharama ilikuwapo: Kufikirika, iliyoandikwa katika miaka ya arobaini, na Utubora Mkulima zilichapishwa baada ya kifo chake.

Barua zake kwa nduguye Yusuf Ulenge, zilizotolewa kitabuni mwaka 2002, ni za kipindi cha 1931 hadi 1958, yaani sehemu kubwa ya miaka ya utumishi. Hadi sasa zimetumiwa zaidi kuthibitisha tarehe. Mtafiti atakayetaka kuipima hoja yetu aanzie humo, azisome barua hizo kama utanzu, na kando yake aweke nyaraka za ofisi za Tanga.