Suti Tatu za Kijivu

Kabatini mwangu hapa Isongole imebaki Kaunda suti moja, ya kijivu. Wajukuu huiita sare ya balozi wa nyumba kumi. Siwalaumu, hawakuona ilikotoka.

Vazi hilo lilikuwa na ndugu yake, suti ya Chou En-lai, iliyofungwa vifungo mpaka shingoni. Mwalimu Nyerere alizuru China Februari 1965, na Chou En-lai akaja Dar es Salaam Juni mwaka huohuo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, tai ilianza kutazamwa kama kamba ya mkoloni. Ile yenye jina la Rais Kaunda wa Zambia ilikuwa nyepesi zaidi: koti la mikono mifupi, suruali ya kitambaa kilekile, basi. Lakini Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana dhidi ya vimini, mawigi na suruali za kubana, ianze Januari 1969. Hapo usahili wa mavazi ukageuka amri, jambo ambalo sikulipenda hata ujanani.

Kuivaa kulikuwa na adabu zake. Ndani huvai shati. Mifuko huijazi, kalamu moja yatosha. Kola hupigwa pasi kwanza, nayo pasi ya mkaa ikung'utwe majivu vizuri, la sivyo asubuhi nzima imeharibika. Taabu yetu sisi wa milimani ni baridi. Ukungu wa Isongole mwezi Juni haujui siasa. Mimi nilivaa sweta ndani, nikaonekana kama gunia la viazi lenye vifungo.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Mwaka 1981 nilikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu. Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vilikuwa vimekwisha, nguo zikawa adimu. Watu walipanga foleni kwa kipande cha kitambaa. Mwanachuo mmoja alihudhuria darasa wiki tatu akiwa na suruali ileile ya kaki. Nikamsimamisha mbele ya wenzake, nikasema mwalimu hana budi kubadili nguo. Nilikuwa nimevaa suti ya kijivu. Nilikuwa nazo tatu, zote za rangi hiyo, hivyo nilidhaniwa kuwa na moja.

Hakujibu. Jioni nilimkuta mtoni amejifunga shuka, akitetemeka, suruali imeanikwa kichakani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," nikasema, nikapita.

Mwaka 1984 biashara ya nje ilianza kulegezwa, mitumba ikamiminika. Katika miaka ya 1990 tulikutana sokoni Tukuyu. Alikuwa mwalimu mkuu, na koti lake la sufu, la mtumba, lilimkaa vizuri kuliko suti yangu ilivyowahi kunikaa. Aliniamkia kwa heshima ileile. Tulizungumza juu ya bei ya viazi na matokeo ya darasa la saba. Habari ya suruali sikuigusa.