Wembe mwembamba, maisha mafupi

Leo nataka tuzungumze kuhusu wembe. Ndio, wembe. Sio hizi nyembe za kutupa tunazonunua dukani kwa Mangi, bali ule wembe mrefu wa kukunja, wenye mpini, uliotawala Ulaya na Marekani kabla King Camp Gillette hajaanza kuuza nyembe zake za kubadilisha mwaka 1903.

Siku hizi kuna watu wanaozisaka nyembe hizo kuukuu, zilizoliwa na kutu, na kuzifufua kwa mashine ya mkanda wa msasa. Mkanda unapita kwa kasi juu ya gurudumu, wembe unalazwa hapo, na chuma kinaliwa kidogo kidogo mpaka ubavu wake unabonyea. Gurudumu likiwa dogo, ubavu unabonyea zaidi na makali yanakuwa membamba zaidi. Wengi wanaushika wembe kwa vidole vitupu ili wasikie joto, na kila mara wanauchovya majini. Kwa nini? Kwa sababu chuma cha pua kikipata joto kupita kiasi kinapoteza ugumu. Ukiona makali yamegeuka buluu, ujue hapo hapanoleki tena.

Sasa angalia mhuri kwenye nyembe hizo. Nyingi utakuta zimeandikwa Sheffield. Huu ni mji wa kaskazini mwa Uingereza, ambako katika miaka ya 1740 Benjamin Huntsman aligundua namna ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo. Historia inamkumbuka Huntsman. Lakini wale waliokaa kwenye mawe ya kunolea, nani anawakumbuka?

Jiwe lenyewe lilikuwa la mchanga, na mnoaji alikaa nyuma yake kama mtu aliyepanda punda, uso wake ukiwa umeinamia kazi. Zamani mawe hayo yalizungushwa na maji ya mito midogo kama Porter na Rivelin. Kiangazi maji yakipungua kazi inasimama, na mapafu yanapumzika. Mvuke ulipoingia mwishoni mwa karne ya 18, mawe yakahamia mjini, ndani ya vyumba vilivyobanana, na jiwe halikusubiri mvua tena.

Friedrich Engels, katika kitabu chake cha mwaka 1845 kuhusu hali ya wafanyakazi wa Uingereza, alitumia maelezo ya daktari wa Sheffield aliyeitwa Knight. Wanoaji wa uma, waliofanya kazi bila maji, walikufa wakiwa na umri wa kati ya miaka 28 na 32. Wanoaji wa nyembe, waliotumia jiwe lenye maji na jiwe kavu pia, walikufa kati ya miaka 40 na 45. Mji mzima ulikuwa na wanoaji wapatao 2,500. Hebu fikiria: walevi wakubwa ndio walioishi zaidi, kwa sababu walikosa kazini mara nyingi!

Katika miaka ya 1820 mwalimu mmoja wa Sheffield, J. H. Abraham, alibuni kifaa cha sumaku cha kunasa vumbi la chuma. Wanoaji wakakikataa. Ni rahisi kusema walikuwa wajinga, na wengi wamesema hivyo. Lakini Engels, akizungumzia vifaa vya kuondoa vumbi kwa jumla, anatoa sababu: waliogopa kwamba kazi ikiwa salama, watu wengi wataikimbilia na ujira utashuka. Kwa maneno mengine, kifo ndicho kilicholinda mshahara wao. Isitoshe, sumaku inanasa chuma, hainasi vumbi la jiwe, na vumbi la jiwe ndilo hasa lililokuwa likiwaua.

Mimi naona hapa ndipo penye somo. Ukimpa mtu kifaa cha kumkinga bila kumhakikishia ujira wake, usishangae akikitupa. Tunalaumu sana wafanyakazi wasiovaa barakoa machimboni na kwenye karakana. Je, tumewahi kuwauliza wanalipwa kwa siku au kwa kipande? Mtu anayelipwa kwa kipande anahesabu dakika, na barakoa inayomchelewesha ni chakula cha watoto kilichopungua.

Anayefufua wembe leo yuko tofauti. Anafanya kwa mapenzi, mkanda wake si jiwe la mchanga, na hakuna atakayemkata ujira akivaa barakoa. Na aivae, maana vumbi la chuma na la msasa bado si la kuvuta.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe, mpe. Walijua utamkata. Vijana wa Sheffield hawakuulilia wembe; waliulilia mkate, wakapewa jiwe. Ukikutana na wembe mkuukuu mwembamba kiasi cha kulia ukiugusa kwa ukucha, usifikirie ndevu za bwana aliyeununua tu.