Malkia Aliyelipwa Chini ya Mumewe: Yaliyo Nyuma ya The Crown



Wengi mnaiangalia The Crown kwa ajili ya mambo ya ikulu. Sisi tunaoshona tunaangalia mishono. Leo tunakusimulieni ya nyuma ya pazia, kwani yanamhusu kila mwanamke anayeishi kwa kazi ya mikono yake.

Tamthilia hii ya Peter Morgan ilianza kuoneshwa Netflix Novemba 2016. Inasimulia maisha ya Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza, na imehesabiwa miongoni mwa tamthilia ghali kabisa. Mwanzoni tu tunaoneshwa harusi yake na Philip, iliyofanyika tarehe 20 Novemba 1947. Gauni la kweli lilibuniwa na Norman Hartnell. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini nguo bado zilinunuliwa kwa kuponi, hata kwa binti mfalme. Wanawake wa Uingereza walimtumia kuponi zao, zikarudishwa kwa kuwa sheria haikuruhusu kupeana. Wanawake 350 walilishughulikia gauni hilo kwa wiki saba, likatiwa lulu ndogo 10,000. Gauni la kuigizia nalo liliripotiwa kugharimu pauni 30,000 hivi.

Kazi kubwa haikosi mitihani. Machi 2020 corona ilisimamisha upigaji picha wa msimu wa nne. Februari 2022 wezi walivunja magari ya tamthilia huko Mexborough, wakaiba vitu zaidi ya 350. Septemba mwaka huohuo Malkia mwenyewe alifariki, na kazi ikasimama kwa heshima yake.

Shida hizo zilitoka nje. Iliyotuuma sisi ilitoka ndani.

Machi 2018, katika mkutano uliofanyika Jerusalem, watayarishaji walikiri kwamba Claire Foy, aliyeigiza Malkia, alilipwa pungufu kuliko Matt Smith, aliyeigiza mumewe. Sababu waliyoitoa ni kuwa Smith alikwishajulikana kwa tamthilia ya Doctor Who. Hebu fikirini: hadithi ni ya Malkia, mzigo wote ameubeba yeye, na tuzo ya Golden Globe alikuwa nayo tangu Januari 2017. Kampuni ya Left Bank Pictures ikawaomba radhi wote wawili kwa kelele zilizowaangukia. Mtayarishaji Suzanne Mackie alisema kuanzia hapo hakuna atakayelipwa zaidi ya Malkia. Ahadi njema, ila Foy alikuwa keshamaliza misimu yake miwili. Aliyefuata kuvaa taji ni Olivia Colman.

Tukija kwenye msimu wa nne, wa 2020, kuna gauni la Diana. Mbunifu Amy Roberts na watu wake walitumia mita 95 za kitambaa, na mafundi watatu walifanya kazi wiki nne, jumla saa 600. Kwenye skrini tunaliona kwa mgongoni, muda mfupi tu. Asiyeshona atasema kazi imepotea bure. Sisi tunasema saa ni saa, na kila moja ina haki yake, iwe gauni limeonekana kwa dakika moja au kwa siku nzima.

Ndiyo maana tunakuombeni, mabiharusi wetu: siku ya kupima, ulizeni kazi itachukua siku ngapi na mikono mingapi, kisha mkubaliane bei na siku ya malipo, ikiandikwa. Na nyinyi mafundi wenzetu, msione haya kutaja bei yenu kwa sababu fulani ana jina kubwa kuliko lenu. Dini yetu imetuhimiza ujira wa mfanyakazi usicheleweshwe, na mapatano yaliyo wazi hayavunji udugu.

Allah akujaalieni harusi za kheri, na nguo zisizoacha deni kwa mtu.