Zaka na Sadaka: Historia Iliyoanzia Katika Mji Uliopokea Wakimbizi

Haya ni maandishi ya kipindi chetu, kwa wewe ambaye betri ya redio ilikuishia, au ulikuwa kwenye foleni ya maji tulipokuwa hewani. Yasome polepole, kisha mpe jirani naye asome.

Swali la leo linaulizwa kila Ramadhani inapokaribia: je, zaka na sadaka ni kitu kimoja? Wewe uliye Mkristo, usifunge karatasi. Maneno haya mawili unayatumia pia. Kwenu zaka ni fungu la kumi, na sadaka ni ile mnayotoa ibadani. Katika Uislamu maneno ni hayo hayo, lakini vipimo na kanuni ni tofauti. Ili kuelewa tofauti hiyo, turudi nyuma miaka 1,400, katika mji wa Madina huko Arabuni.

Mwaka 622 Mtume Muhammad na wafuasi wake walihama Makka kwa sababu ya mateso. Waliacha nyumba, biashara na jamaa. Waliohama waliitwa Muhajirina, na wenyeji wa Madina waliowapokea wakaitwa Ansari. Kwa lugha yetu ya leo tungesema hawa ni wakimbizi, wale ni jamii iliyowapokea.

Mtume aliwaunganisha wawili wawili, mhamiaji na mwenyeji, wawe kama ndugu. Imesimuliwa kwamba mwenyeji mmoja, Saad bin Rabii, alimwambia nduguye mgeni, Abdurrahman bin Auf, wagawane mali yake nusu kwa nusu. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akauliza: soko liko wapi? Akaanza kuuza samli na jibini, na baadaye akawa tajiri anayesifika kwa kutoa.

Lakini si wote walioweza kufika sokoni. Wengine walikuwa hawana jamaa wala mtaji. Hao walikaa chini ya kivuli kilichojengwa nyuma ya msikiti, wakaitwa watu wa Suffa. Abu Huraira, ambaye Waislamu wanamjua kwa hadithi nyingi alizosimulia, alikuwa mmoja wao. Walikula kilicholetwa. Siku ambayo hakikuletwa kitu, walilala njaa.

Hapo ndipo utaona kasoro ya kutegemea hiari peke yake. Leo moyo wa mtu umefunguka, kesho umefungwa, na mwenye njaa hana wa kumdai. Ilihitajika kanuni. Kwa kauli ya wanazuoni wengi, zaka ilifaradhishwa Madina katika mwaka wa 2 wa Hijra, yaani kama mwaka 624, mwaka ule ule wa saumu ya Ramadhani. Ikawa moja ya nguzo tano za Uislamu.

Zaka ina kipimo. Kwanza, mali ifike kiwango kinachoitwa nisabu. Kwa dhahabu ni karibu gramu 85, kwa fedha karibu gramu 595, na pesa taslimu na bidhaa za dukani hupimwa kwa thamani ya hizo. Pili, mali hiyo ikae mkononi mwaka mzima wa mwezi mwandamo. Hapo unatoa asilimia 2.5, yaani 25 katika kila 1,000. Mwenye mbuzi 40 hutoa mmoja. Mwenye ng'ombe 30 hutoa ndama wa mwaka mmoja. Mavuno hayasubiri mwaka: yakifika kiwango chake, yaliyonyweshwa na mvua hutolewa asilimia 10, na yaliyomwagiliwa kwa gharama ni asilimia 5, kwa sababu mkulima ametoka jasho zaidi.

Zaka ina wenyewe pia. Kurani, katika sura ya 9 aya ya 60, imetaja mafungu manane: mafukara, maskini, wanaoikusanya, wanaotiwa nguvu mioyo yao, ukombozi wa watumwa, wenye madeni, njia ya Mwenyezi Mungu, na msafiri aliyekwama. Huyu wa mwisho kwa Kiarabu anaitwa mwana wa njia. Wanazuoni wengi wa leo wanasema mkimbizi anaweza kuingia hapo, mbali na kuingia kwa ufukara wake.

Sadaka haina kipimo wala siku. Unaweza kumpa tajiri, maskini, Mwislamu au asiye Mwislamu. Lakini usidhani ni jambo dogo. Omar bin Khattab alipopata shamba zuri Khaibar, alimwomba Mtume ushauri. Shamba likazuiwa lisiuzwe, lisirithiwe, na mazao yake yawaendee maskini, jamaa, wasafiri na wageni. Huo ni wakfu, sadaka inayoendelea. Othman bin Affan naye alinunua kisima cha Ruma, ambacho maji yake yalikuwa yakiuzwa, akawaachia watu wateke bure. Wewe unayepanga madumu bombani unajua thamani ya sadaka hiyo.

Tofauti ya mawili haya ilionekana wazi Mtume alipofariki, mwaka 632. Makabila kadhaa yalisema yataswali lakini hayatatoa zaka. Khalifa Abu Bakar alikataa, akapigana nayo. Hatusikii kwamba alipigana na mtu kwa kuacha kutoa sadaka. Zaka kwake ilikuwa haki ya maskini iliyo ndani ya mali ya tajiri, na anayeizuia amezuia cha mwenzake.

Hata hivyo kanuni hiyo haikuwa ya kukandamiza. Mwaka wa 18 wa Hijra, yaani kama 639, ukame mkali ulipiga Arabuni. Watu wa majangwani walimiminika Madina, na Omar, wakati huo khalifa, akawalisha. Imesimuliwa kwamba mwaka huo aliahirisha kukusanya zaka kwa waliopigwa na ukame, mpaka mvua iliporudi.

Sasa turudi hapa tulipo, kwa sababu historia hii inagusa sahani zetu. Wako wanaoona aibu kupokea zaka. Ndugu yangu, ukiwa katika yale mafungu manane, hukuomba: umepewa fungu lako. Inua kichwa. Mwaka 2019 hata UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, lilizindua mfuko wa zaka kwa ajili ya wakimbizi.

Wako pia wanaosema, mimi ni mkimbizi, zaka hainihusu. Inategemea. Ukiwa na duka lililofika nisabu na mwaka umepita, inakuhusu. Na zaka ya fitri, ile ya kabla ya swala ya Idi, kwa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi wetu, humhusu hata mwenye mali kidogo, alimradi amebakiwa na ziada ya chakula cha nyumba yake cha siku hiyo. Ni pishi moja, kama kilo 2.5 hadi 3, kwa kila mtu. Ndiyo maana mtu anaweza kutoa fitri asubuhi na yeye mwenyewe kupokea ya jirani.

Jambo la mwisho ni la kamati zinazokusanya. Wanazuoni wengi wa madhehebu manne hawakuruhusu zaka ijenge msikiti, kwa kuwa haipo katika mafungu yale. Mabati na mikeka ni kazi ya sadaka na wakfu. Basi wekeni mikebe miwili, na kila mmoja uandikwe jina lake. Mkichanganya, msikiti utapata paa, lakini mjane wa mtaa wa pili atakosa kilicho chake, na hatajua amemkosea nani amdai.

Ndugu msomaji, kabla ya Ramadhani kaa na nyumba yako mhesabu. Mkiona nisabu imefika, toeni. Haikufika, bado sadaka iko wazi, hata ya kumtwisha bibi dumu lake. Na jina lako likiandikwa kati ya wapokeaji, nenda ukachukue. Tukutane kipindi kijacho, kwa amani.