Usiku wa Abiria: Treni za Kulala na Wasafiri wa Karatu na Ngorongoro tangu 1929

Wilaya ya Karatu haina reli, na Ngorongoro haijawahi kuwa nayo. Stesheni iliyo karibu zaidi ni ya Arusha, umbali wa takriban kilomita 140 kwa barabara kutoka mji wa Karatu. Kwa sababu hiyo mtafiti anaweza kudhani kwamba historia ya treni za kulala haiwahusu wakazi wa huko. Insha hii inapinga dhana hiyo. Inadai kwamba abiria aliyetoka mbali na reli ndiye anayetuonyesha vyema zaidi kazi halisi ya treni ya usiku, yaani kumpa msafiri mahali pa kuwa usiku huku safari yake ikiendelea. Swali linaloongoza uchunguzi huu ni jepesi kulitamka: mtu wa Karatu aliyekwenda pwani alilala wapi njiani? Jibu limebadilika mara kadhaa katika muda wa karne moja, na kila badiliko liliamua nani angeweza kusafiri, kwa gharama gani, na kwa usalama wa kiasi gani.

Reli ya kaskazini ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 chini ya utawala wa Wajerumani na ikafika Moshi mwaka 1911, mwendo wa takriban kilomita 350. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walijenga tawi kutoka Voi hadi Kahe kwa ajili ya majeshi yao. Vita vilipokwisha, tawi hilo liliunganisha Kilimanjaro na njia ya Mombasa na Nairobi. Arusha ilisubiri hadi 1929. Tangu hapo mtu aliyeshuka kutoka nyanda za Karatu, awe mlowezi aliyelima kahawa Oldeani au kijana wa Kiiraqw aliyetafuta kazi mjini, alikuwa na njia mbili za kufika baharini kwa gari moshi: kupitia Korogwe na Muheza hadi Tanga, au kubadili treni na kupitia Voi hadi Mombasa. Dar es Salaam haikuwamo. Makao makuu ya utawala yalikuwa kwenye Reli ya Kati, na reli hizo mbili hazikukutana popote ndani ya Tanganyika.

Jambo hili halijapewa uzito unaostahili. Kwa zaidi ya miaka thelathini mkazi wa Mkoa wa Kaskazini aliweza kupanda treni Arusha na kufika katika nchi jirani, lakini hakuweza kupanda treni akafika katika mji mkuu wa nchi yake mwenyewe. Kipande cha reli kati ya Mruazi na Ruvu, kilichofunguliwa mwaka 1963, ndicho kilichobadili hali hiyo. Kwa ramani ni kipande kidogo. Kwa abiria kilizaa safari mpya kabisa: treni ya moja kwa moja kati ya Arusha, Moshi na Dar es Salaam, yenye usiku mzima katikati yake. Naona 1963 ni mwaka mkubwa katika historia ya msafiri wa kaskazini kuliko 1929, ingawa wanahistoria wa reli, waliovutwa zaidi na ujenzi wa kikoloni na usafirishaji wa mkonge na kahawa, wameutaja kwa kupita.

Hata hivyo, neno "treni ya kulala" linahitaji kuchambuliwa kabla ya kutumiwa, kwa sababu ndani ya treni moja palikuwa na usiku wa aina tatu. Daraja la kwanza lilikuwa na vyumba vya vitanda viwili. Daraja la pili lilikuwa na vyumba vya watu wengi zaidi, ambavyo katika mabehewa ya miaka ya baadaye vilikuwa na vitanda sita. Daraja la tatu halikuwa na kitanda chochote, bali viti, na pale viti vilipojaa, sakafu. Chini ya ukoloni madaraja haya yalifuata rangi za watu kwa desturi, hata pale ambapo hakuna tangazo lililosema hivyo: Wazungu la kwanza, Wahindi na Waarabu la pili, Waafrika la tatu. Kwa hiyo maelezo ya safari za usiku yaliyochapishwa zamani, yenye sifa za shuka safi na chakula cha jioni katika behewa la kulia, ni ushahidi wa sehemu ndogo ya abiria. Waliokuwa wengi walikesha. Uhuru uliondoa rangi katika utaratibu huo lakini haukuondoa madaraja, na nauli ikachukua nafasi ya ngozi katika kuamua nani anyooshe mgongo.

Daraja la pili ndilo lenye mengi ya kumfundisha mtafiti wa maisha ya kijamii. Wageni sita walifungiwa chumba kimoja kwa saa nyingi. Kitanda cha chini kilikuwa kiti cha watu wote mchana, na mwenye tiketi yake hakuweza kulala mpaka wenzake wakubali kwamba mazungumzo yamekwisha. Utaratibu wa shirika ulitenganisha wanaume na wanawake, isipokuwa jamaa wamelipia chumba kizima. Mume na mke wenye tiketi mbili tu waliagana jioni na kuonana asubuhi. Utaratibu huo uliwaudhi wengi, lakini ulikuwa na faida yake. Mwanamke aliyesafiri peke yake alipata chumba cha wanawake wenzake, chenye mlango unaofungwa kwa ndani. Dirisha lilikuwa suala jingine. Wazoefu walijua kulizuia kwa kipande cha mbao kabla ya kusinzia, kwa sababu treni iliposimama katika stesheni yenye giza mkono wa mwizi uliweza kupita. Stesheni hizohizo zilikuwa pia soko: mama lishe na watoto wenye masinia vichwani waliamsha behewa zima usiku wa manane, na abiria wa daraja la tatu, asiye na uwezo wa kununua chakula cha treni, alikula kwa kunyoosha mkono dirishani.

Kwa msafiri wa Karatu, usiku huo ulitanguliwa na mchana wa aina nyingine. Kabla ya lami kufika mwanzoni mwa miaka ya 2000, barabara kutoka Makuyuni kupitia Mto wa Mbu na kupanda ukingo wa Bonde la Ufa ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Aliyetoka Endulen au Nainokanoka alikuwa na mwendo mrefu zaidi wa kuvuka nyanda za juu za Ngorongoro kabla hata hajafika Karatu. Ratiba ya treni haikumngoja mtu ambaye gari lake limekwama. Mwenye busara aliondoka siku moja kabla, akalala Arusha kwa ndugu au stesheni, na hapo tunaona kwamba hata katika miaka bora ya reli safari yake ilikuwa na usiku mmoja usiokuwa na kitanda cha shirika. Tofauti hii kati ya mtu wa mjini Moshi, aliyetembea kwa miguu hadi stesheni, na mtu wa Karatu haionekani katika takwimu za abiria, kwa kuwa wote wawili wamehesabiwa kwa tiketi moja.

Miaka ya 1960 na 1970 ilileta kundi jipya la abiria wa usiku, nao ni vijana. Sera ya kuwapeleka wanafunzi wa sekondari katika shule za bweni za mikoa mingine, pamoja na Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa mwaka 1963, ziliwatia ndani ya mabehewa watu ambao wazazi wao hawakuwahi kuona reli. Walisafiri kwa hati za serikali, aghalabu daraja la tatu. Inafaa kusisitiza kwamba kwa kijana aliyezungumza Kiiraqw au Kimaasai nyumbani, behewa lilikuwa mahali pa kwanza ambapo Kiswahili hakikuwa somo la darasani wala lugha ya ofisi, bali chombo cha kuombea nafasi ya kukaa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Mpaka na Kenya ulifungwa, njia ya Voi ikakosa maana kwa msafiri wa Arusha, na Shirika la Reli Tanzania likarithi mabehewa yaliyokuwa yamechakaa. Huduma ilififia polepole hadi treni ya abiria ya Arusha ilipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1990. Katika miaka hiyohiyo ya 1990 serikali, kwa sababu ya ajali, ilipiga marufuku mabasi ya abiria kusafiri usiku. Mambo haya mawili huelezwa katika vitabu tofauti, moja chini ya uchumi wa mashirika ya umma na jingine chini ya usalama barabarani. Yakiwekwa pamoja, yanaonyesha kwamba abiria wa kaskazini aliondolewa usiku wote kama muda wa kusafiri. Treni haikuwapo, na basi halikuruhusiwa.

Matokeo yake yalionekana katika stendi. Mabasi ya Dar es Salaam yaliondoka alfajiri ili yafike kabla ya muda kupita, na mtu wa vijijini Karatu ilimpasa awe mjini tangu jana yake. Usiku uliokuwa ndani ya nauli ya treni sasa ulilipiwa peke yake, katika gesti. Asiye na fedha ya gesti alikaa stendi na mzigo wake miguuni. Baadhi ya wafanyabiashara wa vitunguu vya Mang'ola walipanda malori pamoja na magunia yao, kwa kuwa marufuku yalihusu mabasi na si mizigo. Mwanamke aliyesafiri peke yake ndiye aliyepoteza zaidi, kwa maoni yangu: badala ya chumba cha wanawake chini ya macho ya mhudumu, alipewa mtaa wa stendi usiku.

Treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019 na Arusha mwaka 2020, ikiondoka mchana na kufika asubuhi ya pili, yenye mabehewa ya kulala na ya kukaa kama zamani. Haisafiri kila siku, hivyo mtu wa Karatu bado hupanga safari yake kwa kuhesabu siku za treni. Marufuku ya mabasi ya usiku yaliondolewa mwaka 2023. Kwingineko usiku wa reli unafutwa kwa mwendo kasi: treni ya usiku kati ya Nairobi na Mombasa ilikoma mwaka 2017 ilipoanza reli mpya ya kisasa, na tangu 2024 safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma, ambayo kwa reli ya zamani ilikuwa ya kulala njiani, huchukua saa chache. Reli hiyo mpya haijaelekea Arusha. Kwa sasa msafiri wa Karatu anayetaka kufika pwani asubuhi ana uchaguzi ambao hakuwa nao mwaka 1995. Anaweza kushuka Arusha kusubiri treni yenye kitanda. Anaweza pia kupanda basi la usiku na kufika mapema zaidi, akiwa amekaa wima hadi Dar es Salaam kama abiria wa daraja la tatu.