Bandari Isiyo na Mzinga

Jumamosi ya kuamkia Pasaka, tarehe 31 Machi 1866, manowari za Uhispania zilijipanga mbele ya Valparaíso, bandari kuu ya Chile, zikaanza kufyatua. Zilipiga kwa takriban saa 3. Bandari haikujibu hata mara moja, kwa sababu haikuwa na mzinga wa kujibia.

Ugomvi ulianzia Peru. Mwaka 1864 Wahispania waliteka visiwa vya Chincha, vilivyojaa kinyesi cha ndege kilichouzwa Ulaya kama mbolea na kuijaza hazina ya Peru. Chile ikasimama na jirani: ikazinyima meli za Uhispania makaa ya mawe. Septemba 1865, siku yenyewe ya sikukuu ya uhuru, Admirali Pareja akaitaka Chile iombe radhi na kuipigia mizinga ya heshima bendera ya Uhispania. Chile ikatangaza vita. Miezi miwili baadaye Juan Williams Rebolledo, nahodha wa Esmeralda, akaiteka manowari ya Uhispania, Covadonga, karibu na Papudo. Pareja akajiua kwa fedheha.

Mrithi wake, Casto Méndez Núñez, alitoa notisi ya siku 4. Basi tazama kilichofuata. Manowari za Uingereza na Marekani zilikuwa palepale ghubani. Rodgers, Mmarekani, alikuwa tayari kuingilia kati iwapo Denman, Mwingereza, angeungana naye. Denman akakataa. Wote wawili wakasogea kando, wakatazama. Waliokufa walikuwa wachache, lakini maghala ya forodha yaliteketea, na mali nyingi iliyoungua ilikuwa ya wafanyabiashara wa kigeni, Waingereza wakiwemo.

Kule Callao, Peru, tarehe 2 Mei, mizinga ya pwani ilijibu. Peru ilimpoteza waziri wake wa vita, José Gálvez, lakini Wahispania waliondoka na meli zilizoumia, wasishambulie tena.

Chile ilielewa: mnyonge hana haki. Ikajenga ngome kuizunguka ghuba, kisha ikaagiza kutoka Uingereza manowari 2 za deraya, Cochrane na Blanco Encalada.

Aprili 1879, Williams Rebolledo yuleyule, sasa mkuu wa kikosi cha meli, aliupiga mizinga mji wa Pisagua ukashika moto. Pisagua ulikuwa mji wa Peru, jirani yuleyule ambaye Chile ilikuwa imemtetea hadi Valparaíso ikaungua.